Mtoto wa Shule Nyumbani: Kumfuata Mtoto si Kumwachia Nyumba

Mama Kanisa anafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wa msingi wa watoto wao. Fundisho hilo limo katika Tamko la Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, “Gravissimum educationis”, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, na tangu hapo limerudiwa mara nyingi katika semina za wanandoa na katika vikao vya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Sisi tunaoandika makala haya, mume na mke tunaohudumu katika kamati ya familia ya parokia yetu, tumelitamka mbele ya wengine mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Hata hivyo, uzito wake tuliuhisi mwezi mmoja wa Januari nyumbani kwetu, tulipokuwa tukifunga tranka la kifungua mimba wetu aliyekuwa anakwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni.

Kila kilichoandikwa kwenye fomu ya shule kilikuwa tayari: godoro, ndoo mbili, jembe, fagio, sare na sabuni ya miezi mitatu. Tulipokuwa tukitafuta kufuli, mtoto akamsogelea mama yake na kumwuliza kwa sauti ya chini: “Mama, hivi shati linafuliwaje?” Alikuwa na umri wa miaka 13, amefaulu vizuri mtihani wa darasa la saba, na angeweza kukueleza mzunguko wa damu mwilini bila kukosea. Lakini hakuwahi kufua shati, hakuwahi kuamka pasipo kuamshwa, wala hakuwahi kukaa na shilingi elfu mbili mfukoni kwa siku mbili. Aliporudi likizo ya kwanza alikuwa amekonda, na ilituchukua siku kadhaa kupata maneno yake: wenzake walikuwa wakimcheka, na fedha zake za matumizi zilikwisha wiki ya pili. Hatukuwa na wa kumlaumu. Kwa miaka saba tulimlipia tuisheni. Kazi zote za mikono alifanyiwa na dada wa kazi, na maamuzi yote tulimfanyia sisi wazazi, tukidhani kwamba huo ndio upendo.

Tulipoanza kutafuta namna nyingine ya kuwalea wadogo zake, sista mmoja anayefundisha katika shule ya awali alituelekeza kwa Maria Montessori. Jina hilo tulikuwa tumeliona kwenye vibao vya chekechea zinazoendeshwa na watawa, na tulidhani ni aina fulani ya vifaa vya kuchezea. Kumbe ni mwanamke Mkatoliki wa Italia, aliyezaliwa Chiaravalle, karibu na Ancona, tarehe 31 Agosti 1870, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa vibarua jijini Roma. Wenye majengo walikuwa na haja ndogo tu: watoto wapate wa kuwachunga wasiharibu kuta na ngazi wakati wazazi wao wako kazini. Daktari huyu akaweka humo meza na viti vya kimo cha watoto, akawapa kazi halisi za mikono, kisha akakaa kuwatazama.

Kati ya mambo aliyoyasimulia, moja lilitugusa kuliko mengine. Siku moja aliwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi kwa leso, taratibu na kwa staha. Alipomaliza, watoto walimshangilia kwa makofi. Alielewa kwamba watu wazima huwakaripia watoto kila siku kwa sababu ya kamasi, na huwaaibisha mbele za watu, lakini ni nadra kumpata aliyeketi nao akawaonesha jinsi ya kujisafisha. Tulijitazama sisi wenyewe. Ni mara ngapi tulimwambia mtoto “wewe ni mchafu”, na ni mara ngapi tulimwonesha jinsi ya kufikicha kola ya shati?

Hapo ndipo ilipo maana ya malezi yanayomfuata mtoto. Mzazi anamtazama mtoto wake, anatambua ni jambo gani limeiva ndani yake kwa wakati huo, anamwonesha namna ya kulitenda, kisha anarudi nyuma hatua moja na kumwachia alitende. Wengi hudhani maana yake ni kumwacha mtoto afanye apendavyo. Montessori mwenyewe hakufundisha hivyo: uhuru wa mtoto, kadiri ya mafundisho yake, unakoma pale unapowaumiza au kuwadharau wengine, na mlezi anapaswa kuuzuia utovu wa namna hiyo bila kusitasita.

Tena alionya kwamba mtoto wa shule si mtoto wa chekechea aliyerefuka. Tangu kuzaliwa hadi miaka 6, mtoto hupenda kurudia tendo lile lile, kumimina maji na kufungua vifungo, kwa sababu anaujenga mwili na fahamu zake. Kuanzia miaka 6 hadi 12 anabadilika: anataka kujua sababu za mambo, anatafuta wenzake, na anapima kila kitu kwa mizani ya haki. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili au la tatu hashindi siku bila kushitaki. “Mama, kaka kachukua kubwa.” “Baba, yeye hakuosha kikombe chake.” Zamani tulimnyamazisha kwa kumwita mmbeya. Montessori aliona jambo jingine: mara nyingi mtoto wa umri huo hashitaki ili mwenzake achapwe, bali anatafuta kujua lililo jema na lililo baya, na mzazi ndiye mzani wake. Tangu tulipojua hilo, anaposhitaki tunamwuliza kwanza: “Wewe unaonaje, ilikuwa haki?” Majibu yake hutushangaza.

Kanisa nalo lina hekima ya kale juu ya umri huu. Kanuni ya 97 ya Sheria za Kanisa inamhesabu mtoto aliyetimiza miaka 7 kuwa na matumizi ya akili. Mtakatifu Papa Pio X, kwa tamko la “Quam singulari” la tarehe 8 Agosti 1910, aliwafungulia watoto wa umri wa kuanza kupambanua mambo njia ya kwenda kwenye Kitubio na Komunyo Takatifu. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mama haingii na mwanaye katika kiti cha maungamo ili amsaidie kukumbuka dhambi zake. Mtoto anakwenda peke yake, anazitaja kwa kinywa chake, anapokea malipizi na kuyatimiza. Kanisa linamwamini mtoto wa miaka 8 katika jambo zito kiasi hicho. Na sisi hatumwamini kukata vitunguu.

Katika semina zetu pingamizi huja mapema, na huja na methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ina ukweli wake, maana mazoea hujengwa mapema. Ila samaki anayekunjwa amekwisha kufa, na hakuna anachojifunza katika kukunjwa kwake. Wengine husema haya ni malezi ya Kizungu. Tunawauliza: bibi zetu walifanyaje? Mtoto wa miaka 5 alipewa kibuyu kidogo cha kuchotea maji, kinacholingana na kichwa chake. Wa miaka 7 au 8 alikabidhiwa mbuzi au ndama, akajua kuwahesabu jioni. Aliyeanza kushika jembe alipewa jembe lililochakaa, jepesi. Hakuna aliyeandika kitabu juu ya kibuyu kile, lakini kilikuwa na hekima ile ile ya viti vidogo vya San Lorenzo. Naye Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka shule ziwe pia mashamba, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya mashamba hayo, siyo kutumwa tu. Sisi watu wa mjini tumeacha vyote viwili, kibuyu na shamba, tukabakiwa na runinga na tuisheni.

Mwaka 2023 waraka wa Kamishna wa Elimu ulizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Familia kadhaa tulizozitembelea zilirudishiwa watoto wao, na baadhi ya wazazi walituambia wazi kwamba hawajui wakae nao vipi kuanzia saa kumi jioni. Kwa ajili yao hasa tunaeleza yale tuliyojaribu, pamoja na yale yaliyotushinda.

Tulianza na jikoni. Vikombe na sahani tulivishusha kutoka rafu ya juu, tukanunua ndoo ya lita 5 na beseni dogo. Kitinda mimba wetu, ambaye sasa ana miaka 9, alioneshwa mara moja tu, taratibu na kwa maneno machache, jinsi ya kuchambua mchele, kisha kufua soksi, kisha kusonga ugali wa watu wawili. Ugali wa kwanza ulikuwa na madonge, nasi tuliula. Kumwonesha kulikuwa kazi nyepesi. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Mkono wa mzazi huwashwa kumnyang’anya mtoto mwiko, hasa saa moja jioni watu wakiwa na njaa. Mmoja wetu, hatutamtaja, hulazimika kutoka nje kabisa.

Upande wa fedha, kila Jumatatu asubuhi mtoto hupokea nauli yake na hela ya kula ya wiki nzima, jumla shilingi 5,000, badala ya kuombaomba kila siku. Wiki ya kwanza zilikwisha Jumanne jioni, kwa ubuyu na barafu. Hatukumgombeza wala hatukumwongezea. Nauli tulimkopesha kutoka kwenye fedha ya wiki inayofuata, na chakula akabeba viazi kutoka nyumbani. Wiki ya tatu alikuja na daftari alilolichora mistari mwenyewe, kila siku na matumizi yake.

Kazi za shule zilitusumbua zaidi. Tuliamua kwamba ni zake: yeye ndiye anayekumbuka, yeye ndiye anayezifanya, na akikwama anakuja kutuuliza. Lakini kabla ya kuanza tulikwenda kuzungumza na mwalimu wake wa darasa, kwa kuwa hatukutaka somo letu la nyumbani limalizikie kwenye fimbo. Tunawashauri wazazi wasiruke hatua hiyo. Mtoto hujifunza kutokana na kosa dogo lenye matokeo anayoweza kuyabeba. Akiumizwa, anachojifunza ni kuficha.

Kila Jumapili jioni, baada ya chakula, tunakaa baraza la familia. Zamu za kazi zinapangwa hapo, na kila mtoto ana haki ya kuleta neno. Yapo mambo yasiyoletwa barazani: kwenda shule, kwenda Misa, kunywa dawa, na muda wa kurudi nyumbani. Hayo ni ya wazazi, na tunayasema hivyo bila kuomba radhi. Yaliyobaki yanajadiliwa, na mara mbili au tatu wazazi tumeshindwa kwa hoja.

Hata sala imeingia katika utaratibu huu. Mwaka 1954, huko Roma, Sofia Cavalletti, mtaalamu wa Maandiko Matakatifu, pamoja na mwenzake Gianna Gobbi, walianza njia inayojulikana kama Katekesi ya Mchungaji Mwema. Waliyachukua mafunzo ya Montessori na kuyaleta katika imani: mtoto anapewa Neno la Mungu kwa maneno machache, anaachiwa ukimya na kazi ya mikono, na mwalimu hajibu swali ambalo mtoto hajaliuliza. Nyumbani tunafanya sehemu ndogo tu ya hayo. Mtoto anaongoza fumbo moja la Rozari na anachagua nia ya kuliombea. Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, limesimama juu ya msingi huo huo wa watoto kuwaombea na kuwasaidia watoto wenzao. Wala si kucheza tu utume, kwa sababu sadaka zao hufika mbali.

Tunafika sasa mahali ambapo tungependa kupita haraka, ila dhamiri haituruhusu. Jioni moja kitinda mimba wetu aliuliza mezani: “Kwa nini dada anakula jikoni?” Dada wa kazi wetu alikuwa na miaka 16. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kwa hiyo katika nyumba yetu, nyumba ya wanakamati wa familia, mtoto mmoja alikuwa akihudumiwa na mtoto mwingine, na yule anayehudumiwa alikuwa akijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba yeye hawezi kazi, na kwamba wapo watu walioumbwa kwa ajili ya kazi zake. Hatukumfundisha kwa maneno. Tulimfundisha kwa sufuria.

Tumezungumza na wazazi wengi waliofurahia habari za ndoo ndogo na hela ya wiki, kisha nyuso zikabadilika tulipofika kwa dada. Lakini tunaamini hapa ndipo pa kupimia. Huwezi kusema unamfuata mtoto, ukayafuata maswali yake ya sayansi na kulikwepa swali lake la haki. Dada alianza kula mezani wiki ile ile, naye kwa siku za kwanza hakupendezwa, alikaa pembeni ya kiti kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Kufua nguo za watoto kuliondolewa katika kazi zake. Kifungua mimba wetu, alipokuja likizo, alifua shati lake mwenyewe akiwa ameegemea bomba, akimwelekeza mdogo wake kama fundi.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tusilichukulie jambo hili kama anasa ya wasomi. Wengi wetu tulilelewa kuamini kwamba mtoto mwema ni yule anayemtii kila mtu mzima pasipo kuuliza. Mtoto wa namna hiyo hana kinga siku atakapoitwa chumbani na mtu mzima mwenye nia mbaya, awe jirani, ndugu au mtu anayeheshimika katika jamii. Kanisa limejifunza kwa machozi umuhimu wa kuwalinda watoto. Mtoto anayeulizwa maoni yake nyumbani, anayezoea kusema “hapana, sababu yangu ni hii” na kusikilizwa, anayo sauti tayari siku ya hatari, na anajua nani atamsikiliza akirudi nyumbani kusema.

Tunatambua pia hofu ya wazazi, kwani ni yetu. Katika Wosia wake wa Kitume “Amoris laetitia”, yaani “Furaha ya upendo ndani ya familia”, wa tarehe 19 Machi 2016, hayati Baba Mtakatifu Francisko anakiri kwamba hakuna mzazi awezaye kudhibiti kila hali atakayokutana nayo mwanaye, na anawaalika wazazi wajali zaidi moyo wa mtoto uko wapi, kuliko kujua tu mwili wake uko wapi. Tukisoma Injili ya Luka sura ya 2 kwa jicho la mzazi, tunaona kwamba Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto Yesu yumo katika msafara pamoja na jamaa na marafiki. Alikuwa na miaka 12, nao hawakumshika mkono njia yote. Waliishi katika familia pana waliyoiamini. Walipomkosa walirudi, wakamtafuta hadi siku ya tatu kwa uchungu, wakamwuliza, naye akawauliza. Hawakulielewa jibu lake. Kisha akashuka nao Nazareti, akawa anawatii. Mama akayaweka yote moyoni. Hatujui mahali pengine ambapo uhuru wa mtoto, utii wake na fadhaa ya wazazi vimekaa pamoja katika aya chache namna hiyo.

Majuma machache yaliyopita kitinda mimba wetu alileta neno barazani. Alikuwa amegundua kwamba parokiani kuna mafunzo ya ushonaji kila Jumatano jioni, na kwamba dada angependa kwenda lakini alikuwa akiogopa kusema. Alikuwa amekwisha pigia hesabu: Jumatano yeye ataosha vyombo, kaka yake wa katikati atapika. Tuliuliza maswali mawili, hatukuwa na la tatu. Dada amekwenda mara nne sasa na amekwisha shona foronya moja. Vyombo vya Jumatano havijatakata, sufuria ya maharage inarudi rafuni na masizi upande mmoja, na Alhamisi asubuhi yeyote anayeamka wa kwanza huitazama, akaiacha pale pale kwa mwenyewe.